Ombi la Kuruhusiwa Kuondoka Suva

Suva, Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukuta wa Bahari, Miti na Mambo Mengineyo

Bwana Hardeo,

Nakuandikia kirasmi ingawa tunapakana ua, na redio yako naisikia hivi sasa. Jambo lenyewe ni zito, halifai kusemewa juu ya michongoma.

Kama ujuavyo, Ijumaa napanda ndege kwenda Brisbane kuishi kwa binti yangu Litiana. Tangu mama yake atutoke, mtoto hana raha. Kila akipiga simu ni, "Baba, umekula? Baba, uko na nani hapo?" Ana chumba cha ziada, ana wajukuu wangu wawili, na nimempa neno langu.

Lakini hapa kwetu mtu haondoki kama mwizi. Anachukua mzizi wa yaqona, ule tunaoutwanga na kunywa maji yake, anauweka mbele ya wenyeji wake, anaomba ruhusa. Wakiupokea na kupiga makofi, basi wamemwachia. Mheshimiwa, wiki ya tatu hii naomba ruhusa, na jiji zima linaninyima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta wa bahari. Jumanne iliyopita nilikwenda kuutazama kwa mara ya mwisho, dakika kumi na tano tu. Nilirudi baada ya saa tatu nzima. Kila anayepita ni "Bula!", na bula ya Suva haiishii hapo: utaulizwa goti linaendeleaje, kama mihogo imekomaa, na kwa nini timu ya mtaa wako inacheza raga kama imefungwa miguu. Mtu akisalimiwa na watu arobaini kabla ya chai, hasira za kumwondoa atazitoa wapi? Naomba salamu zipigwe marufuku ukutani hadi Ijumaa saa nne. Kutikisa kichwa kuruhusiwe, ila bila tabasamu.

2. Soko. Kwa Sainimere, muuza majani ya magimbi, mimi ni mteja wa miaka thelathini. Nilimpelekea mzizi mzuri, nikakaa chini, nikasema maneno yote ya kuaga. Mama yule akaupokea kwa mikono miwili, akaita wenzake watano, ukatwangwa, ukakorogwa kwenye beseni, tukanywa. Kisha akatangaza mbele za watu, "Baba Litiana, ahsante kwa kuja kututembelea. Karibu sana sokoni!" Nikamwambia, "Dada, mimi naaga." Akanijibu, "Unaaga nini, na ndiyo kwanza umefika? Hebu kunywa, acha vituko!" Amechukua mzizi wangu wa kwaheri akaufanya wa hodi! Nakubali kwamba mzizi ni uleule, ila maneno ni tofauti, na aliyasikia vizuri, maana mawili alinisahihisha. Nimerudi na mizizi mingine miwili. Mpaka leo nimekaribishwa sokoni mara tatu.

3. Popo. Kamati ilikataa mti ule mkubwa wa mtaani ukatwe, nami, mjinga, nilitia sahihi. Sasa kila jioni popo wake wanapita juu ya baraza yangu. Nilijiambia nitawahesabu mara moja nikawasimulie wajukuu, kisha nifunge sanduku. Nikifika mia tatu hivi, mmoja anageuza njia na kuniharibia hesabu yote. Sanduku liko wazi mpaka leo. Waagizwe wapange mstari, au wapite upande wako.

4. Hili linakuhusu wewe binafsi. Alhamisi, kwenye mkutano wa kuamua benchi jipya liwekwe wapi, nilisimama kuaga. Nikasema nimelipenda jiji hili kwa jua na kwa tope, na kwamba popote nitakapokuwa litakuwa moyoni. Watu wakatokwa na machozi. Wewe ukainuka ukasema, "Mmemsikia? Nani mwingine anagombea ukatibu?" Nikapita bila kupingwa. Nilipojipinga mwenyewe ukasema mgombea hana haki ya kukatiza. Kaka, ule ni uhuni! Na muhtasari wa mkutano nimeuandika, kwa sababu mwandiko wa wengine hausomeki.

5. Hali ya hewa. Maisha yangu yote mvua ya Suva imenilowesha nguo kambani, na nilikuwa naitegemea inichoshe vizuri wiki hii ya mwisho. Badala yake, siku sita mfululizo ni jua, na milima ya ng'ambo ya bandari inaonekana yote. Sijawahi kutendewa hivi. Naomba mvua kuanzia Jumatano, yenye upepo wa kuvunja miavuli.

Kwa hiyo naambatanisha mzizi wa nne. Kamati ikutane, iupokee, ipige makofi, na iseme maneno mawili tu: "Nenda salama." Isiongeze la tatu. Utani kando, Hardeo, nampenda mwanangu. Nikibaki, atadhani nimependa mawe ya ukuta kuliko yeye, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote, wavuvi wa ukutani, na hata yule jirani wa kona asiyerudisha vyombo vya watu.

Wako anayejaribu kuondoka,
Peceli Naivalu
Katibu (kwa kulazimishwa)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha Litiana amepiga simu, nikamsomea barua nzima. Alicheka mpaka namba nne tu. Akasema, "Baba, mimi niliondoka bila kuaga." Ni kweli. Kazi ilimwita ghafla, siku mbili tu akawa amekwenda. Hatukupeleka mzizi popote. "Miaka kumi na moja, Baba, hakuna aliyeniachia. Ndiyo maana kila asubuhi naamka nikidhani niko huko." Basi tiketi yangu ameiahirisha, hakusema hadi lini. Likizo ya shule anakuja yeye na watoto, eti kuaga inavyostahili. Kwa hiyo malalamiko yote matano yafutwe, na mzizi huu mnywe tu. Nina ombi moja jipya, na hili naliandika kama katibu. Siku mwanangu atakapokaa chini mbele ya Kamati kuomba ruhusa ya kuondoka, tafadhali asipewe.