Skrini ya Inchi Ishirini na Moja

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Habari kubwa! Kamati ya mitihani ya majaribio inatafuta mchapaji wa mitihani yote ya darasa la saba, wilaya nzima. Zamani kazi hii ilikuwa ya makarani wa serikali. Wamepunguzwa. Huu ni wakati wa soko huria, maana yake kazi iliyokuwa ya mtu mmoja sasa inagombewa na wawili.

Hapa Lindi wawili hao ni mimi na binamu yangu Bonaventura, mtoto wa shangazi, ng'ambo ya barabara. Ana kompyuta ya kale yenye maandishi ya kijani, hafifu mno. Ili aone anachoandika, lazima ajifunike kanga ya mkewe pamoja na mashine, kama mpiga picha wa pasipoti wa zamani. Wateja huongea na kanga. Yangu ina rangi zote, ila skrini ni inchi kumi na nne tu. Haitoshi kumshinda. Inatosha kumzidi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Dativa, mke wangu, ametoa sharti. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani yake kabla sijastaafu ualimu. Amesema, Baba Angela, nimevumilia mwaka mzima kushona sketi jikoni, sketi zinanuka dagaa. Ukiikosa kazi hii, mashine yako inatoka, yangu inarudi. Nikamwomba arudie polepole niandike. Akasema hakuna cha kuandika.

Mwenyekiti wa kamati atapita Alhamisi kuangalia vifaa. Nina siku tatu. Nina mpango.

Jumanne, 3 Agosti

Mingoyo. Kuna mradi wa kupima ramani umefungwa na wanauza vyombo. Fundi wao, kijana Francis, ameniamkia vizuri na kunionyesha skrini mbili.

Ya kwanza inchi kumi na saba. Picha kali kama kioo, herufi zimesimama wima kama askari. Ya pili inchi ishirini na moja! Kubwa kama kabati la vyombo. Kwa nyuma inarefuka, inarefuka, mpaka unajiuliza inaishia wapi.

Nieleze hapa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Skrini haipimwi urefu wala upana. Hupimwa pembe kwa pembe, kwa mshazari. Kisha unatoa inchi moja inayofichwa na fremu. Basi. Nilifundisha Historia na Siasa miaka thelathini na moja. Hesabu nimejifunza leo, Mingoyo, kwa dakika tano. Ajabu jinsi somo lilivyo jepesi likipata mwalimu.

Francis alinishauri kwa adabu. Kwa kuchapa, mzee, chukua kumi na saba. Ubora ni ukali wa picha, si ukubwa. Halafu pima meza yako kwanza. Halafu pima chumba. Hiyo kubwa ilitengenezwa kwa ajili ya ramani, mtu anakaa mbali nayo.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kijana mzuri. Nikachukua ishirini na moja.

Nimerudi kwenye pikapu ya mkaa, nimeipakata skrini. Kilo thelathini na kitu. Kufika Lindi miguu haikuwepo. Bonaventura alikuwa barazani kwake, akaniuliza kwa sauti kama nimeoa mke wa pili na kwa nini ni mfupi hivyo. Watu wakacheka. Sikununa. Kwetu binamu ni mtani: anaweza kukamata kuku wako mbele ya macho yako akamchinja, na ukikasirika wewe ndiye utakayetozwa kuku wa pili. Nikacheka kwa meno ya mbele tu.

Jumatano, 4 Agosti

Meza imekuwa fupi. Yaani skrini imeegemea ukuta kwa mgongo, na uso wake umetokeza nje ya meza. Nikikaa kwenye kiti, pua inagusa kioo. Naona herufi moja na nusu. Nywele za kichwani zinasimama kwa umeme.

Nimefikiri kisayansi. Francis alisema mtu akae mbali. Nimepima kwa kamba: umbali mzuri ni mita moja na nusu. Chumba kina mita moja na robo mpaka dirishani. Kwa hiyo mahali sahihi pa kukaa ni nje ya dirisha.

Nimehamishia kiti barazani. Kibodi nimeiweka juu ya kizingiti cha dirisha, waya unafika. Naangalia ndani kupitia dirisha. Hewa safi, upepo, macho hayaumi. Kwa nini ofisi zote hazifanyi hivi?

Dativa amesema watu wengine hutoka nyumbani kwenda ofisini, wewe umetoka ofisini ukaiacha ikae peke yake. Bonaventura amevuka barabara kuniuliza nimefukuzwa kwa kosa gani, na kama namtuma akaniombee msamaha.

Wivu.

Alhamisi, 5 Agosti

Ushindi! Mwenyekiti amekuja, na ni nani? Theresia, niliyemfundisha darasa la tano. Alipiga magoti kidogo, shikamoo Mwalimu, nikasema marahaba mwanangu. Kisha akaiona skrini kutoka mlangoni, akarudi hatua moja nyuma. Akauliza kama hiyo ni kompyuta au jokofu.

Nilikuwa nimekaa ndani kwa heshima yake, shavu limebanwa kwenye kioo. Nikamweleza kuhusu inchi. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Aliuliza mara mbili kama nina maji ya kunywa.

Amenipa jaribio: nichape mtihani wa Hesabu, nifikishe Jumamosi. Ukienda vizuri, mitihani mingine yote ni yangu, mwaka hadi mwaka. Akaniangalia machoni. Mwalimu, jambo moja tu. Siri. Nikamwambia, Theresia, nilitunza siri za walimu wakuu wanne, na wawili kati yao walikuwa wagomvi.

Dativa alisikia yote kutoka jikoni. Cherehani ikaongeza mwendo.

Ijumaa, 6 Agosti

Siku tamu kuliko zote tangu nistaafu.

Nilianza kuchapa saa mbili asubuhi, barazani. Herufi nimezikuza ziwe na urefu wa kidole, maana ukiwa na skrini kubwa halafu ukaandika herufi ndogo, ulinunua ya nini? Kufikia swali la tatu nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Kugeuka, mwanafunzi wa darasa la saba. Na mwenzake. Na wengine kumi. Saa sita wenzao walipotoka shule wakawa hawahesabiki.

Wote kimya! Wote na madaftari! Nilidhani watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Nilikosea, nakiri. Wape teknolojia nzuri, watakuja wenyewe.

Bonaventura naye amegeuka kuwa mtu mwema. Amewapangia watoto mabenchi, wafupi mbele, warefu nyuma. Mabenchi yenyewe kayatoa sebuleni kwangu, bila kuomba, lakini ndiyo haki ya binamu. Yeye mwenyewe akakaa benchi la mwisho, mikono kifuani, anatabasamu kama padri siku ya kipaimara. Nikamwuliza mbona hafanyi kazi zake. Akasema, binamu, leo kazi yangu unanifanyia wewe. Nimeguswa sana.

Swali la saba lilisomeka hivi: Shamba la mikorosho lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 30. Tafuta ukubwa wa shamba hilo. Binti mmoja akaguna. Akasema, mwalimu, hili gumu. Ningefanyaje? Mwalimu hastaafu, hupumzishwa tu. Nikaanza kueleza. Hapo nikakumbuka neno la Theresia: siri! Nikawaomba wote wasogee karibu ili nisipaze sauti.

Nikawaambia zamani tulizidisha urefu kwa upana, lakini huo ni mtindo wa kale. Siku hizi hupimwa pembe kwa pembe. Tukachora shamba mchangani, tukapima kwa kamba: hamsini. Toa moja inayofichwa na fremu. Arobaini na tisa. Walifurahi hao! Waliandika wote kwa mara moja, sauti ya penseli kama mvua juu ya bati.

Wameniuliza pia la nane, la tisa na la kumi na nne. Hayo nimewaachia wenyewe wajadiliane. Sipendi kumlisha mtoto kila kitu.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimefikisha mtihani. Bahasha juu ya bahasha juu ya bahasha, gundi kila mahali, sahihi yangu mgongoni mara tatu. Theresia alishindwa kuifungua mbele yangu, ikabidi atafute kisu. Akasema hajawahi kuona mtihani uliofungwa hivi.

Jumatano, 11 Agosti

Mtihani ulifanyika jana. Inasemekana watoto wa mjini wamemaliza kwa nusu saa, wakaenda kucheza. Wa vijijini walikaa mpaka mwisho na wengine walilia. Nimemweleza Dativa kwamba uchapaji mzuri hufungua akili ya msomaji. Akauliza mbona haukufungua ya wa vijijini, na wao walipewa karatasi ileile. Swali zuri. Nimeahidi kulitafiti.

Ijumaa, 13 Agosti

Theresia amekuja. Shikamoo ilikuwa fupi.

Alikuwa na furushi la karatasi za majibu. Akanisomea swali la saba, karatasi moja baada ya nyingine. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Wanafunzi mia mbili na kumi na nne wa mjini, wote arobaini na tisa. Mmoja ameandika pembeni: nimeshatoa fremu.

Akaniuliza kwa upole fremu ya shamba ni nini.

Nikamweleza kwamba ni ule ua wa minyaa unaozunguka shamba. Nikajiona jinsi nilivyojibu vizuri, hata nikaongeza kwamba upana wa ua hutegemea udongo. Nikasimama kwenda kuleta kamba. Akasema, Mwalimu, kaa. Akasema jibu ni mita za mraba elfu moja na mia mbili. Nikamwambia huo ni mtindo wa kale. Akafumba macho.

Mtihani umefutwa, wilaya nzima watarudia. Kazi amepewa Bonaventura. Kamati imesema skrini yake ndiyo bora kwa usiri: hata yeye mwenyewe haoni vizuri, na kanga inafunika kilichobaki. Tangu lini kanga ikaitwa kifaa?

Alipokuwa anaondoka, Theresia alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema ulinifundisha vizuri, Mwalimu, ila naomba usimfundishe mtu mwingine mpaka mtihani wa taifa wa Septemba upite.

Bonaventura alinisubiri mlangoni. Amenirudishia mabenchi. Akasema kesho nimwazime meza pia, sasa atakuwa na kazi nyingi. Kaichukua palepale. Nilicheka. Taya linaniuma mpaka sasa.

Jumamosi, 14 Agosti

Cherehani imerudi chumba cha mbele. Dativa ameifuta vumbi, ameweka kitambaa cheupe, anaimba nyimbo za kwaya. Skrini imehamia jikoni, karibu na dagaa. Hakusema nilikwambia. Angesema ningejisikia nafuu.

Nimekaa mchana kutwa nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Mwanadamu asiyechunguza kosa lake ni sawa na punda wa kisima, huzunguka palepale. Nimeanza mwanzo, hatua kwa hatua, bila kujionea huruma. Kiti? Hapana, upepo ulikuwa mzuri. Watoto? Hapana, walikuwa na adabu. Maelezo? Nimeyarudia kwa kamba, na kamba haisemi uongo.

Halafu nikaona! Mtihani umeibwa kwa sababu swali zima lilienea kwenye skrini kwa mara moja. Skrini ilikuwa ndogo mno! Ingekuwa kubwa inavyotakiwa, nami nikakuza herufi ipasavyo, ingeonyesha herufi moja moja. Nani duniani anaweza kuiba mtihani herufi moja moja?

Inasemekana Nangurukuru kuna mtu anayo ya inchi ishirini na tisa. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Dativa nimemwambia nakwenda kuhani msiba. Safari hii nimejifunza: nimepima mlango wa jikoni kwanza, pembe kwa pembe.