Ibtihal na Jicho la Mtambo wa Halua

Tegeni masikio, enyi wa mji wa Mahalla na wa mbali, na mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, maana habari hii kuu haisikilizwi na mtu mwenye haraka! Namnena Ibtihal, simba jike wa kiwanda cha halua, aliyefunga mikebe miaka kumi na miwili, na ambaye asubuhi hiyo alikuwa katika mtihani wa ufundi mitambo. Akifaulu, ni fundi. Akishindwa, anarudi meza ile ile, na uzee umkute pale pale.

Majemadari wawili walikuwa wamemfunza, na sahihi zao zote mbili zilitakiwa, nao hawakupatana hata kwa salamu: Mhandisi Wagdi, bwana wa kompyuta, na Usta Bayumi, mkongwe wa spana, aliyeitwa Usta kwa kuwa ndivyo aitwavyo fundi aliyekamilika.

Basi saa nne, lahaula, mkanda uchukuao mikebe ukasimama, na mikebe mia tatu ikaduwaa!

"Kaa kwenye kompyuta, dada," akanguruma Wagdi. "Ugonjwa wote umo mle."

"Kompyuta imewahi kuungua kidole?" akafoka Bayumi. "Shika chuma, binti yangu. Chuma hakidanganyi."

"Enzi zako zimepita, Usta!"

"Zimepita zikikuacha nyuma, mwanangu!"

Ibtihal akimtii mmoja, amemuudhi mwenye sahihi ya pili. Lakini shujaa hakusita. Akaiendea kompyuta, nayo ikanena kwamba jicho la saba, lile jicho la umeme lihesabulo mikebe, laona mkebe mbele yake usiosogea.

"Si nilisema?" akashangilia Wagdi. "Pana mkebe!"

"Mkebe gani? Pale peupe, macho unayo!" akasema Bayumi.

Hapo Ibtihal akalikatia umeme lile pande la mtambo, akapiga magoti, akatia mkono nyuma ya kifuniko cha jicho la saba, akipapasa polepole kama alivyofunzwa na Bayumi. Vidole vikagusa kitu cha moto. Akakitoa hadharani: bilauri ya chai ya mnanaa, sukari vijiko vinne, ndiyo ule mkebe usiosogea!

Bayumi akatazama viatu vyake.

"Miaka thelathini naiweka pale ipate joto," akanong'ona. "Hilo jicho limefungwa juzi tu. Mgeni ni lenyewe!"

Umeme ukarudi, mkanda ukanguruma, mikebe ikaandamana kwa vishindo! Wagdi akacheka hadi miwani ikamwanguka, kisha akatia sahihi. Bayumi akatia yake chini ya ile, taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote, halafu akanyoosha mkono.

"Usta Ibtihal," akasema, "nirudishie basi chai yangu."

Ibtihal machozi yakamlengalenga kwa jina lile.

"Chukua, Usta. Ila uinywee huko nje."

Na tangu siku hiyo, kiwandani kwao huhesabu zama mbili: kabla ya bilauri, na baada ya bilauri.