Tabasamu Kidogo, Mwanangu

Wanaosema riziki hubisha hodi mlangoni hawakuiona hii iliyokuja na milango yake minne. Gari jeupe lilipanda kona ya mwisho, likasimama pale juu ambapo wasafiri hushuka kutazama bonde. Ubavuni lilikuwa na kibandiko cha kampuni ya kukodisha magari. Wakashuka mzee na fimbo yake, na bibi aliyening'iniza kamera shingoni huku anashika magoti na kumwomba Mungu amhurumie.

Samli, aliyekuwa ameegemea pikipiki akichokonoa meno, alitupa kijiti na kuvaa kizibao chake cha kung'aa. Kizibao hicho alikipata kwa mkandarasi wa barabara, ingawa mkandarasi mwenyewe hakuwa na habari. Jina la Samli alipewa na watu wa mjini kwa sababu ya ulimi wake: ukiuweka juani unayeyuka.

Kuhusu pikipiki, tuseme ukweli mapema. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe, muuza maziwa, na nyuma ilifungwa kisanduku cha madebe kilichoandikwa kwa rangi nyekundu MAZIWA SAFI, PIGA SIMU, na namba ya mama huyo. Hata nyumba aliyolala Samli ilikuwa ya mama mkwe. Asubuhi ile mkewe alimfuata hadi getini.

"Biashara ya simu ulisema. Ya kuku ukasema. Sasa ni maziwa," alimwambia. "Peleka maziwa, rudisha pikipiki. Ikipotea, mume wangu, usirudi hapa."

Samli alimpenda sana mkewe, na maziwa aliyafikisha kweli. Lakini njia ya kurudi ilipita pale juu, na asili ya mtu haina likizo.

"Karibuni wazee wangu. Mmetoka mbali?"

"Ng'ambo ya mpaka," mzee alisema. "Mwenzangu huyu amekataa kufa kabla hajaona milima ya watu."

"Hapo mama amenena. Na gari limekaguliwa?"

Wazee walitazamana.

"Huko mbele ni hifadhi," Samli alisema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya. "Gari la kukodi halipiti mpaka ligongewe muhuri kituoni, kule chini. Na foleni ya kule, mama yangu, kwa magoti hayo? Ndiyo maana ofisi imetuweka sisi. Nalipeleka, nagongesha muhuri, narudi. Nyinyi mnakaa kwenye benchi mnafaidi bonde. Ni bure."

Hilo neno la mwisho ndilo lililokuwa jembe lake. Mwizi anayeomba hela hunyimwa, lakini anayejitolea kusaidia hupewa ufunguo na kuombewa dua.

"Tutajuaje utarudi, mwanangu?" bibi aliuliza kwa upole.

Samli alilitegemea swali hilo. Kanuni yake kazini ilikuwa moja: usiondoke na cha mtu kabla hujamwachia cha kushika. Akatoa mkoba wa ngozi uliojaa magazeti ya zamani.

"Nyaraka zote za ofisi hizi hapa. Naziacha mikononi mwenu."

Mzee aliupima mkoba mkononi, akatabasamu kidogo.

"Mwepesi huu, kijana. Ile pikipiki ni yako?"

"Yangu kabisa."

"Basi tuachie na ufunguo wake. Si kwamba hatukuamini."

Samli alipiga hesabu ya haraka. Huyu anatembelea fimbo, yule magoti yanamlilia, nani ataendesha? Ufunguo wa akiba anao mfukoni. Gari litafichwa kwa fundi rafiki yake, na jioni, wazee wakishachoka kungoja na kuomba lifti, ataifuata pikipiki na kuirudisha nyumbani. Akautoa ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mizigo iache humo humo," mzee alisema. "Inatuelemea."

Samli nusura awaonee huruma. Alishaingia kwenye gari bibi alipoinua kamera.

"Tabasamu kidogo, mwanangu. Shika usukani vizuri. Toa kichwa dirishani, hivyo hivyo."

Tangu siku ya harusi hakuna aliyempiga picha. Alitabasamu mpaka jino la mwisho. Alipokuwa anaondoka alimwona bibi kwenye kioo, amechuchumaa anasoma maandishi ya kisanduku cha maziwa. Magoti yalikuwa yamepona ghafla, lakini Samli alikuwa anatafuta muziki redioni.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya siku hiyo iliishia kwenye kizuizi cha polisi. Askari aliitazama simu yake, akamtazama dereva.

"Toa kichwa dirishani. Tabasamu."

Samli akatabasamu.

"Ndiye huyu."

Kumbe wale wazee walilikodi gari kwa siku mbili na kulitembeza mwezi mzima, mlima huu na ziwa lile, huku kampuni ikiwatafuta. Siku hiyo wao wenyewe waliitumia kampuni picha moja na maneno machache: tumeporwa, mwizi ni huyu. Buti lilipofunguliwa zilitoka taulo za nyumba za wageni, mito, vijiko, na kengele ya mapokezi.

"Na hivi pia umeiba wewe," askari alisema, akiandika.

Samli alijaribu kueleza ukweli. Hakuwa na mazoezi nao, na ulimtoka vibaya kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Mama mkwe alifika kituoni na khanga yake ya shughuli nzito, simu mkononi. Hakusalimia. Alimwonyesha Samli picha: mzee amekaa wima kwenye pikipiki, hana fimbo wala dalili ya fimbo, bibi nyuma anacheka, na maporomoko ya maji yanamwagika nyuma yao. Chini yake kulikuwa na ujumbe. Mama mkwe aliusoma kwa sauti, askari wote wasikie.

"'Mama, shikamoo. Njiani watu wameitambua pikipiki yako, wakatuambia huyo kijana ni mkweo. Alituachia kwa hiari, akasema ni yake. Ina nguvu mlimani, hongera. Tumeiacha kwa kinyozi wa pale mpakani, tanki limejaa. Maziwa yako tumeyasikia yakisifiwa njia nzima.'"

Samli akaona upenyo, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa upenyo.

"Mama, si unaona? Mke wangu alisema ikipotea nisirudi. Pikipiki haijapotea."

"Ni kweli, haijapotea." Mama mkwe alikunja khanga yake, akamgeukia askari. "Mwanangu, gari la kwenda mpakani linapita saa ngapi? Huyu hana haraka."