Wateja wa Kukodi

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Huu ni mwezi wa nne sijauza kochi. Redioni mtaalamu anadai biashara imechangamka. Mwongo! Aje Manzese. Mstari wa mauzo niliouchora ukutani umeshuka hadi umegusa sakafu. Mke wangu Demetria kasema Jumamosi ikifika sijauza hata stuli, anafunga duka, tunahamia Chanika kufuga kuku. Mimi na vitabu vyangu vyote vya biashara! Kuku!

Jumanne, 13 Agosti
Nimegundua. Watu hawakosi pesa, wanaogopa duka tupu. Nimewakodi Loveness na Fransis wa kwaya wakae kwenye makochi, wajifanye wateja. Haroub wa ng'ambo ya barabara, muuza viti vya plastiki, akapiga kelele: braza Erasmus, leo msiba wa nani? Mshamba.

Jumatano, 14 Agosti
Waliokaa ni watatu. Wa tatu mama wa makamo, gauni la kijivu, kwenye kochi la kijani. Nikamuuliza Loveness kama ndiye kamleta. Akacheka: mzee acha utani, tupo wawili. Elimu ya siku hizi! Kuhesabu hadi tatu tu kunawashinda. Kochi halikubonyea mama alipokaa. Sponji langu ni bora.

Alhamisi, 15 Agosti
Mteja! Bwana wa Kawe, kalipenda la kijani. Nikamwomba mama apishe. Bwana akauliza mama gani. Akatoka mbio. Loveness na Fransis nyuma yake, wamesahau hata viatu.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimemuuliza mama anangoja nini. Wateja, akasema. Kumbe alikuwaga na duka la makabati hapahapa. Mauzo yakaanguka, ndugu wakamsihi afunge, akagoma. Mwaka gani? Hakumbuki. Tumebishana mpaka adhuhuri. Eti dawa ni kushusha bei! Hana hoja.

Jumamosi, 17 Agosti
Asubuhi Demetria kaja na kufuli. Kanishika mkono: Baba Hope, nakuomba, twende. Nimegoma. Kaondoka analia. Mama akanipisha nafasi kwenye kochi la kijani, nikakaa naye.

Mchana Demetria karudi na Haroub. Wamesimama mbele yangu, wanaulizana nimekwenda wapi. Nikasema nipo hapa. Nikapaza sauti. Haroub kachungulia uvunguni. Demetria kaita jina langu mara tatu, akafunga mlango kwa nje.

Afadhali. Hapa ndani kumetulia, na huyu mama sijammaliza. Nimeanza kumweleza upya, kuanzia kosa lake la kwanza la bei.