Kisima cha Chini ya Mawe Chapata Herufi

Wakazi wote wa kando ya ziwa hapa Mwanza mnataarifiwa kwamba maji ya kisima chetu cha chini ya mawe yamepata herufi rasmi za kisayansi. Kazi hiyo imechukua miezi minane tu.

Mimi niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni kugawa vinywaji kwenye Kamati ya Ulinganifu wa Maji. Chupa ya maji hayo niliipeleka mwenyewe, mke wangu Selina alipoanza kuharisha. Nilitaka kujua jambo moja: mtaa uendelee kuyanywa, au uache?

Kamati iliyamulika kwa mashine ya mwanga. Ikaona chembe ya maji hutikisika kwa namna tatu. Mbili, ukiigeuza chembe nusu duara, hubaki vilevile. Hizo zikaitwa A1. Ya tatu hugeuka kinyume. Hiyo ni B. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Ni B1," alisema Mwenyekiti Venant.

"B2," alisema katibu wake, Odeta. "Inategemea umeilazaje."

"Nimeilaza kuelekea ziwani."

"Mimi nimeilaza kuelekea Misungwi. Kwani nako si Tanzania?"

Ikaitishwa semina Sengerema, ili chembe itazamwe kutoka ng'ambo. Selina alifariki wiki hiyo. Nililetewa barua ya rambirambi yenye muhuri, ikinikumbusha na siku ya kurudi kazini.

Wiki iliyopita muafaka ukapatikana: B1 siku za kazi, B2 wikiendi. Cheti kikatoka: "Maji haya yana A1 mbili na B moja, kama maji yote duniani. Kwa hiyo yanafaa kunywewa."

Mtumishi ni kutii. Nikachota ndoo, nikajaza jagi la mkutano. Sikuchemsha, cheti hakikusema.

Mwenyekiti alikuwa kwenye glasi ya pili alipouliza, "Mzee Masalu, maji ya chupa yameisha?"

"Yapo, mkuu, ila hayana cheti. Haya ni ya kisimani."

Odeta aliirudisha glasi mezani taratibu. "Kisima kipi, mzee?"

"Chenu, mama. Cha A1."

Hakuna aliyeuliza chembe imelala upande gani. Kabla ya chakula cha mchana kisima kilikuwa na mnyororo na kufuli, bila mashine wala semina. Mwenyekiti alisimamia mwenyewe, akiwa amejishika tumbo, akiulizia choo kilipo.

Kumbe ni kazi ya saa moja.