Debe la Baba

Jumatano, 1 Agosti 1984

Arobaini ya baba ilikuwa jana. Leo tayari kuna mtu kakalia debe lake! Machage wa Kamunyonge, karani wa pamba. Debe lenyewe liko kibarazani kwa Mzee Kudura, mshona katambuga za matairi, hapa hapa Kitaji. Baba alilikalia miaka ishirini, kila siku baada ya alasiri, yeye na Mzee Kudura upande mmoja, Mzee Omari na Mseti upande wa pili. Utotoni nilikuwa nasinzia nimeegemea mgongo wake, karata zikipigwa paa! paa! juu ya ubao. Usingizi mtamu kama ule sijaupata tena.

Nimemwambia Mzee Kudura kwamba nimerithi cherehani ya baba, nirithi na debe. Akajibu kwa upole kwamba debe halirithiwi, linachezewa. Jumapili tutacheza, mimi na Machage, na atakayemfaa ndiye atakuwa mwenzake.

Tatizo dogo: sijui kucheza.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimemwomba mama anifundishe. Nyumbani hatuna karata, na madukani hakuna kitu, hata sabuni ni ya foleni. Mama akapanga samaki wakavu kwenye ungo. Dagaa ni karata ndogo, furu ni mfalme, ningu ni saba, inayompita mfalme, sato ni ree, baba lao. Mkubwa anamla mdogo. Halafu turufu. Mama akasema turufu ni kama sangara ziwani siku hizi, hata akiwa mdogo anakula wote. Nikaelewa mara moja! Nilikuwa nakaribia kumshinda, paka akapita na turufu.

Mama amenipa na siri. Baba akishika ree ya kopa alikuwa anajikuna sikio la kushoto, Mzee Kudura ajue. Basi. Machage ajiandae kukaa chini.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimeruhusiwa mikono mitatu ya mazoezi. Ree ya kopa ikaniangukia! Nikajikuna sikio. Mzee Omari akaniambia nisijichubue bure, wameshaiona. Mseti akaongeza, "Marehemu alikuwaga anajikuna, na sisi tulikuwaga tunajifanya hatuoni. Heshima tu." Machage akacheka mpaka akapaliwa.

Nimefungwa mikono yote mitatu. Kosa si langu! Karata zenyewe zimechoka, laini kama kitambaa, nyeusi kwa jasho. Saba ya uru imekatwa kwenye kalenda ya zamani. Nani atajifunza kwa takataka zile? Mtu akileta pakiti mpya mji huu, wazee watambeba mabegani.

Jumamosi, 4 Agosti

Bunda na kurudi, juu ya lori la pamba. Watu wanasema serikali imelegeza, mwenye fedha zake za nje alete mali. Kweli! Gulioni kuna jamaa ana vitenge, betri na karata. Fedha yangu haikutosha. Akatazama miguu yangu. Katambuga hizi alinishonea Mzee Kudura mwenyewe, zawadi ya msiba. Nikavua. Nimetembea peku kutoka stendi mpaka Kitaji, najiona tajiri.

Nilipopita kibarazani nikachukua karata zile kuukuu kwenye kopo lao, nikampa mama awashie moto. Sitaki mtu arudi nyuma.

Jumapili, 5 Agosti

Nikaweka pakiti juu ya ubao. Inang'aa! Wazee wakatazamana. Nikadhani ni furaha. Mzee Omari akachanganya, zikamponyoka, zikatapakaa mpaka mtaroni. Tukaanza. Mseti akatupa ree bila sababu. Mzee Kudura akanila mimi mwenzake mara mbili. Mabingwa wa miaka ishirini wanacheza kama mimi! Nikaona nimeshinda, maana sasa tuko sawa.

Machage ndiye aliyetoboa siri. Akasema wazee hawa hawasomagi karata usoni, wanazisoma mgongoni. Yenye doa la chai. Yenye kona iliyoliwa na panya. Ile ya kalenda. Kila mmoja alijua wenzake wameshika nini, na kila mmoja alinyamaza. Mchezo wenyewe ulikuwa huo.

Mzee Kudura akaomba za zamani. Nikasema zimewashia moto. Akavua miwani. Akasema nyuma ya ree ya kopa kulikuwa na alama ya dole gumba la Hasani, baba yangu, ya mafuta ya cherehani, tangu mwaka waliojuana. Kisha akafunga duka, jua bado liko juu. Hakutazama hata miguu yangu.

Mama alinikuta kizingitini nalia. Akaingia ndani, akatoka na kopo la chumvi. Karata zote zimo! Akasema mkono wake ulikataa kuziwasha. Nikaweka gumba langu juu ya alama ya baba. Vimelingana. Nimemkumbuka baba, jamani. Nimemkumbuka sana.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimerudisha karata. Mzee Kudura akaigeuza ree ya kopa, akaitazama muda mrefu, halafu akalisukuma debe kwa mguu, upande wangu. Machage akalalamika kwamba sijui hata kutofautisha pao na shupaza. Mzee akamjibu, "Atajifunza. Hata Hasani alikuwaga mbovu." Nimekaa! Nimefungwa mikono sita na sijapata kufurahi hivyo. Akanikabidhi karata nizilaze nyumbani, mimi mtoto wa mwenyewe.

Wema kama huu haulipwi kwa maneno. Na Mungu si Athumani: leo foleni imempa mama nusu mche wa sabuni. Karata zile ni chafu mno. Nitazifua moja moja, nizipige pasi ya mkaa, kesho wazee wakute zinanukia. Nitaanza na ree ya kopa, maana ndiyo yenye uchafu mwingi. Alama ya baba nitaizungukia. Mkono wa fundi hautetemeki.

Maji yameshachemka.