Sindano Ndani ya Ndoo ya Asali

Jumamosi, 22 Machi 2025

Nimekabidhiwa siri! Bibi Apolinaria, mwenyekiti wa jumuiya yetu, anachoma sindano ya kisukari kila Jumamosi. Baba mdogo huituma kutoka Dar. Sukari imeshuka, na Bibi amekonda hadi gauni la Krismasi linampwaya. Wanajumuiya yeye kawaambia ni mfungo wa Kwaresima. Kwaresima ina wiki mbili na ushee. Yeye alianza kukonda Desemba. Hakuna aliyehesabu.

Sindano zinakaa kwenye friji, ndani ya ndoo ya asali. Bibi kasema mimi nina kifua cha kutunza siri, siyo kama binamu yangu Josepha anayesomea uuguzi. Furaha iliyoje! Baadaye Josepha kafungua friji, kauliza ni Mnyamwezi gani anayeweka asali kwenye friji. Nikasema ni ya dawa. Nimejipongeza.

Jumatatu, 24 Machi

Bibi atapasuliwa ngiri Jumatano. Leo daktari wa usingizi, Dkt. Ngollo, kamuuliza anatumia dawa zipi. Bibi: vidonge vya sukari na sala. Daktari akasema kuna sindano ya kila wiki inayofanya chakula kikae tumboni muda mrefu. Mtu akipigwa nusu kaputi, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Watu hufa. Akauliza tena. Bibi akanitazama. Mimi nikatazama ndala zangu. Wanawake wa jumuiya waliotusindikiza walikuwa mlangoni!

Mpango: wagonjwa wengine wanaacha kula saa sita usiku wa kuamkia upasuaji. Bibi ataacha kesho asubuhi. Si ndiye bingwa wa kufunga?

Jumanne, 25 Machi

Nimefungia chakula chote kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Saa tisa jumuiya wakaja kumuaga mgonjwa, na sufuria la michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyopikwa kwa karanga. Kwetu mgonjwa hakatai cha wageni. Nilijaribu kuzuia. Sauti ilitoka kama ya panya. Mama Jeska, mmoja wao, kaniambia niache kunong'ona, nilete sahani. Bingwa wa kufunga kala sahani nzima, asije akaambiwa ana maringo.

Jumatano, 26 Machi

Mpango wa pili: kikaratasi. MGONJWA HUYU ANACHOMA SINDANO YA KILA WIKI. Bila jina langu. Nikakichomeka kwenye faili, nikakimbilia chooni.

Kumbe faili ni la kitanda cha jirani! Mama Manirakiza wa Ulyankulu, amekuja kutolewa kidole tumbo. Daktari kamhoji hadi maskini akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajawahi kujichoma kitu. Bibi kamkemea: mama, mbele ya daktari mtu hafichi jambo.

Kisha wakamchukua Bibi. Jumuiya nyuma, na rozari. Kitanda kikafika mlango wa chumba cha upasuaji. Nikapiga kelele! Nikasema yote: sindano, ndoo, Desemba, michembe. Rozari ikakatika katikati ya Salamu Maria.

Dkt. Ngollo akampima tumbo kwa ultrasaundi. Michembe ya jana bado imo. Akasema angepigwa nusu kaputi hivyo, pengine asingeamka. Upasuaji umeahirishwa.

Bibi kaniita kipaza sauti cha parokia. Josepha kanisifu. Sijui kipi kimeniuma zaidi.

Jumamosi, 29 Machi

Tarehe mpya: 9 Aprili. Dkt. Ngollo kasema sindano zisimame hadi yeye na daktari wa kisukari waamue, na siku ya mwisho Bibi anywe vitu vya majimaji tu. Bibi kaahidi mbele ya jumuiya nzima. Hawakumcheka. Kila mmoja, kwa zamu, kamvuta pembeni kumuuliza zinapatikana wapi.

Leo asubuhi nimemkuta jikoni akijichoma. Kasema ni moja tu, gauni la Pasaka limeshashonwa kwa kipimo cha sasa, na mjukuu mwema hamwaibishi bibi yake mara mbili.

Nimemwahidi sitamwambia mtu. Isitoshe, siwezi kupiga kelele tena katika hospitali ileile. Wameshanijua.